Mpango wa kuinua taaluma shule ya msingi: pa kuanzia na panapoharibika

Matokeo ya darasa la saba yakitoka na shule ikaangukia mkiani mwa halmashauri, mwalimu mkuu huitwa na kupewa wiki moja alete "mpango mkakati". Kinachopelekwa mara nyingi ni jedwali la mwaka jana lililobadilishwa tarehe: ufaulu upande kutoka asilimia 48 hadi 80, kambi ya darasa la saba, jaribio kila Ijumaa. Mwaka unaofuata shule iko palepale. Mtoto anayepata E ya Hisabati darasa la saba alianza kuachwa akiwa la pili au la tatu, na kambi ya miezi mitatu haina la kumfanyia zaidi ya kumkaririsha majibu.

Hapa tunachukua mfano wa shule ya msingi ya serikali Tanzania yenye wanafunzi 620 na walimu 9.

Pima kwanza, kwa wiki mbili

Toa matokeo ya miaka mitatu ya la nne na la saba, uyasome somo kwa somo. Wastani wa shule hausaidii. Somo la darasa la saba lina alama 50, kwa hiyo hesabu ni wangapi wako kwenye D (11 hadi 20) na wangapi kwenye E (0 hadi 10). Hayo ni makundi mawili tofauti: wa D wanahitaji mazoezi mengi na kusahihishiwa, wa E mara nyingi hawawezi hata kulisoma swali.

Kisha pima kusoma, mtoto mmoja mmoja, la tatu hadi la sita. Andaa aya ya maneno kama 60 ya kiwango cha darasa la pili, lakini usiitoe kwenye kitabu wanachotumia. Watoto wengi wameshika ukurasa wa kwanza kwa kichwa. Wanakuimbia sentensi huku jicho liko kwenye picha. Njia rahisi ya kugundua ni kuonyesha neno moja katikati ya mstari na kuuliza "hili ni neno gani?" Anayekariri huanza tena tangu mwanzo wa mstari ili alifikie.

Mwandikie kila mtoto anapokwama: herufi, silabi, neno, aya, au hadithi. Kwenye Kiswahili mikwamo mingi iko kwenye silabi changamano, yaani mb, nd, ng', ny, mw, kw, dh. Akimaliza aya muulize maswali matatu. Wapo wanaosoma bila kukosea na wasielewe lolote, hasa pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Hao tatizo lao ni msamiati, na chati ya silabi haitawasaidia. Kwa Hisabati matendo manne yanatosha: kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, kuzidisha na kugawanya.

Kazi hii si kubwa kama inavyoonekana. Watoto 340 wa la tatu hadi la sita, kwa dakika tatu kila mmoja, ni saa 17. Walimu wanne wanaimaliza asubuhi mbili au tatu.

Vitu viwili vingine vya kuangalia ni madaftari na rajisi. Chukua madaftari matano kila darasa, uhesabu mazoezi ya wiki nne zilizopita, yaliyosahihishwa, na yale ambayo mtoto alirudia alipokosea. Ukikuta vipindi 20 vimeacha mazoezi 5, umeshapata nusu ya jibu. Kwenye rajisi hesabu utoro kwa siku ya wiki, si kwa mwezi. Siku ya gulio hujitokeza yenyewe.

Sababu ambazo shule inaweza kuzishika

Kila tatizo liulizwe "kwa nini" mpaka ufike mahali ambapo kuna mtu hapo shuleni anayeweza kufanya jambo. La nne hawawezi kugawanya kwa sababu hawajui kuzidisha. Hawajui kuzidisha kwa sababu muhula wa pili wa la tatu mwalimu alikuwa likizo ya uzazi na vipindi vyake havikugawiwa mtu. Ukiishia "upungufu wa walimu" umeandika barua kwa mkurugenzi, hujaandika mpango. Ya halmashauri (walimu, madarasa, matundu ya vyoo) yawekwe kwenye ukurasa wake na yafike kwa afisa elimu kata kabla ya Desemba, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Shule zinazopeleka maombi Januari, pamoja na kufungua muhula, hukuta wenzao wameshaingizwa.

Kuhusu nani afundishe wapi, tutasema wazi: mwalimu hodari kuliko wote apelekwe la kwanza au la pili. Shule nyingi humweka la saba kwa kuwa ndiko jina la shule linakopimwa, na kila mwaka anapokea watoto ambao hawajui kusoma.

Malengo matatu, kwa idadi ya watoto

Asilimia inaficha. Andika: "Kati ya watoto 63 wa la tatu na la nne wasiofikia aya, 41 wawe wanasoma aya na kujibu maswali mawili kati ya matatu ifikapo Novemba 30." Orodha ya majina 63 iwe imebandikwa nyuma ya mpango. Malengo yakizidi matatu, walimu 9 hawayabebi.

Shughuli inayoleta matunda haraka ni kuwapanga watoto wa la tatu hadi la tano kwa uwezo badala ya darasa, dakika 45 kwa siku, siku nne kwa wiki. Mbinu hii ilienezwa na asasi ya Pratham ya India, na vifaa vyake ni vya kawaida: chati ya silabi kwenye manila, kadi za maneno, vifuniko vya soda vya kuhesabia. Huharibika kwa njia zinazojulikana. Kundi la silabi hupewa mwalimu wa kujitolea asiye na uzoefu. Watoto hawahamishwi wakishaweza. Au kipindi huwekwa saa tisa alasiri, tumbo tupu. Kiweke asubuhi.

Fedha

Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sawa na 500 kwa mwezi. Kwa watoto 620 ni 310,000. Sasa piga hesabu ya majaribio: la saba yenye watoto 80, masomo 6, kurasa 2 kila somo, ni kurasa 960. Ukidurufu kwa shilingi 100, umetumia 96,000, karibu theluthi ya ruzuku ya mwezi kwa jaribio moja la darasa moja. Maswali yaandikwe ubaoni, fedha inunue manila na madaftari ya wasio nayo.

Chakula huwezi kukiweka kwenye ruzuku hiyo. Kipitie kamati ya shule na mkutano wa wazazi, kwa hiari, na asirudishwe mtoto nyumbani kwa mzazi kutochangia. Wazazi huelewa wakipewa kipimo: uji wa gramu 50 za unga kwa siku, siku 20, ni kilo moja ya unga kwa mtoto kwa mwezi.

Ufuatiliaji

Kila wiki sita rudia kipimo kilekile kwa aya mpya. Anayefundisha kundi asilipime yeye. Badilishaneni, la sivyo alama zitapanda na watoto watabaki walipo. Mwalimu mkuu aingie madarasa mawili kwa wiki, dakika 20, na amwachie mwalimu jambo moja tu la kurekebisha. Nakala moja ya mpango ikae kwa mwalimu wa taaluma, nyingine kwa mwenyekiti wa kamati, kwa sababu mwalimu mkuu akihamishwa mpango huondoka na faili lake.

Baada ya wiki 12, idadi isiposogea, msikimbilie kubadili mbinu. Hesabuni kwanza siku ambazo kipindi kilifanyika kweli kati ya 48 zilizopangwa, halafu ukubwa wa kundi la silabi, halafu nani alikuwa analifundisha.