Sola ya roshani Ujerumani: kuomba ruhusa, kuchomeka na kusajili

Kwa mpangaji aliyeko Ujerumani, paneli mbili zilizofungwa kwenye roshani na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani tayari ni mtambo wa umeme uliounganishwa na gridi. Mtaani huitwa Balkonkraftwerk. Kwenye barua na fomu utakuta Steckersolargerät. Hadi Mei 2024 ilibidi umwandikie mwendeshaji wa gridi wa eneo lako, kisha ujisajili tena kwenye daftari la taifa la mitambo ya umeme, Marktstammdatenregister. Sasa imebaki fomu moja tu, ya daftari. Ukikutana na maelezo yanayotaja kikomo cha wati 600 au yanayokutuma kwa mwendeshaji wa gridi, ni ya zamani.

Vipimo kabla ya kulipa

Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, isizidi VA (volti-ampea) 800, na paneli zote kwa jumla zisizidi wati 2,000. Vikomo hivyo vinahesabiwa kwa mita, si kwa seti. Wawili mnaoshiriki mita moja hamwezi kufunga seti ya 800 kila mmoja. Mkizidisha, mnaingia utaratibu wa mitambo ya juu ya paa, unaohitaji fundi aliyesajiliwa na ombi kwa mwendeshaji wa gridi.

Paneli mbili za wati 450 kwenye inveta ya 800 hazina tatizo. Inveta itapunguza kile kilele cha mchana wa jua kali, basi.

Mdai muuzaji cheti cha inveta kinachotaja VDE-AR-N 4105, kanuni ya Ujerumani ya kuunganisha mitambo midogo na gridi. Inveta ya namna hiyo hujizima papo hapo ikikosa gridi, ndiyo sababu pini za plagi hazibaki na umeme ukizichomoa. Ujue pia kwamba umeme wa mtaa ukikatika, nawe utakaa gizani, hata jua liwe utosini. Tazama na ankara: tangu 1 Januari 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa hivi vya nyumbani ni asilimia 0. Ukiona 19, uliza kabla ya kulipa.

Kama mji wako unatoa ruzuku, soma masharti yake kabla ya kununua. Kuna mipango inayokataa risiti yenye tarehe iliyotangulia ombi.

Barua kwa mwenye nyumba

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo pasikupite haraka. Tangu 17 Oktoba 2024 sola ya kuchomeka imeingizwa katika kifungu cha 554 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani: mpangaji ana haki ya kudai ruhusa, na mwenye nyumba anahitaji sababu ya msingi ili kukataa. Lakini haki ya kudai ruhusa siyo ruhusa yenyewe. Ukifunga kwanza ukaomba baadaye, anaweza kukutaka ushushe.

Andika kwa maandishi. Sentensi ya kufungulia inatosha kuwa hivi:

*Hiermit bitte ich gemäß § 554 BGB um Ihre Zustimmung zur Anbringung eines Steckersolargeräts an meinem Balkon.* (Yaani: kwa mujibu wa kifungu cha 554 cha BGB, naomba ridhaa yako nifunge sola ya kuchomeka kwenye roshani yangu.)

Ambatisha vitu vinne: karatasi ya vipimo vya paneli (ukubwa na uzito), cheti cha inveta, maelezo ya vibano vitakavyotumika, na picha ya roshani yenye alama ya mahali paneli zitakapokaa. Eleza wazi kwamba hutatoboa ukuta, kama kweli hutoboi. Paneli moja ya siku hizi huzidi kilo 20, na hofu ya mwenye nyumba aghalabu ni hiyo paneli kuangukia watu njiani. Kwa hiyo iandikie pia kampuni yako ya Haftpflichtversicherung, yaani bima ya madhara unayowasababishia wengine, uulize kama bima inagharamia madhara ya kifaa hicho, kisha jibu lao liweke kwenye bahasha hiyohiyo. Mpe tarehe ya kujibu. Jengo likiwa chini ya Denkmalschutz, yaani hifadhi ya majengo ya kale, huenda kukahitajika kibali kingine cha mamlaka.

Kuchomeka

Soketi iwe ya ukutani. Usipitishe kwenye kebo ya soketi nyingi, wala usichomeke seti mbili kwenye kebo moja. Unganisha nyaya za paneli na inveta kwanza, plagi iwe ya mwisho. Andika tarehe ya siku hiyo; utaihitaji kwenye fomu.

Kusajili kwenye Marktstammdatenregister

Daftari hili liko chini ya Bundesnetzagentur, mamlaka ya taifa ya mitandao, na usajili ni bure. Muda ni mwezi mmoja tangu mtambo uanze kuzalisha. Kutosajili ni kosa linaloweza kukutoza faini. Ingia marktstammdatenregister.de, na anwani uiandike wewe mwenyewe, maana zipo tovuti za watu zinazotoza pesa kwa kazi hii.

1. Fungua akaunti kwa barua pepe na uithibitishe.
2. Jisajili wewe kama Anlagenbetreiber (mwendeshaji wa mtambo), mtu binafsi. Utapewa namba inayoanza na ABR.
3. Sajili mtambo, ukichagua aina ya Balkonkraftwerk. Ukichagua sola ya kawaida utaletewa maswali marefu yasiyokuhusu.
4. Jaza tarehe ya kuanza, nguvu ya paneli, nguvu ya inveta na namba ya mita. Mwisho utapata namba inayoanza na SEE. Hifadhi PDF yake.

Makosa ni yaleyale kila mara. Tarehe inayotakiwa ni ya siku uliyochomeka, si ya risiti. Nguvu ya paneli ni jumla ya zote. Tazama kama kisanduku kinadai wati au kilowati, kwani 0.9 mahali pa 900 ni mtambo mwingine kabisa. Namba ya mita, Zählernummer, isome kwenye mita yenyewe, karibu na msimbo wa mistari. Kwenye bili ipo pia, ila hapo watu hunakili Marktlokations-ID, namba ya mahali umeme unapopokelewa, yenye tarakimu 11, na hiyo siyo namba ya mita. Ukiwa na betri, nayo lazima isajiliwe.

Mita

Mwendeshaji wa gridi hupata taarifa zako kutoka kwenye daftari. Nenda kaitazame mita. Ikionyesha 1.8.0 na 2.8.0 kwa zamu, inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, na hakuna cha kubadilisha. Ikiwa ni ile nyeusi yenye kisahani kinachozunguka, tafuta mchoro wa gurudumu la meno lenye kizuizi: ukiwepo, haiwezi kurudi nyuma. Usipokuwepo, kisahani kitazunguka kinyume jua likiwaka, na sheria inavumilia hali hiyo mpaka mita ibadilishwe. Huna haja ya kusubiri mita mpya ndipo uchomeke.

Umeme unaozidi na kwenda gridini kwa njia hii fupi haulipwi. Anayetaka malipo afuate utaratibu mrefu, na kwa paneli mbili sioni faida yake.

Ukihama na paneli zako, anwani na namba ya mita zirekebishwe kwenye daftari ndani ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba mpya aandikiwe barua yake.