Andika bei: kuuza kofia za Lamu kwa simu

Ninauza kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono zenye nakshi ya vitundu vidogo vidogo. Duka sina. Nina simu, nina mashangazi na majirani wanaoshona huku Langoni, Lamu, na nina wateja ambao wengi wao hatujaonana hata siku moja. Akina dada wanaouza achari, mabuibui na udi wa kujitengenezea huniuliza nafanyaje, basi nayaandika hapa nisiwe wa kurudia kila mara.

Nianze na lile linaloniudhi. Mtu anaweka picha nzuri ya bidhaa yake, chini anaandika "Bei njoo inbox". Ya nini? Mnunuzi yuko kwake baada ya Isha, amechoka, anapitisha kidole tu kwenye simu. Asipoiona bei atadhani moja kati ya mawili: ni ghali mno, au unataka kwanza umwone jina na namba ndipo umkatie bei ya kwake, wa Muscat yake na wa Mokowe, hapo bara, yake. Sisi wenyewe tukienda sokoni muuzaji wa namna hiyo hatumpendi. Mimi naandika hivi: "Kofia ya mkono, saizi 22, Sh 6,500, ipo tayari, gharama ya kutuma ni ya mnunuzi." Asiyeimudu hupita zake, hajanipotezea muda wala mimi sijampotezea wake. Anayeandika baada ya hapo amekuja kununua. Wapo wanaosema washindani wataiona bei yako. Waione. Lamu hii, nani asiyejua jirani anauza kwa ngapi?

Atatokea wa kuandika chini ya picha, "Elfu sita kofia tu?" Usigombane naye, wala usimfute. Mjibu kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya wiki nyingi za sindano, na umwekee video ya mshonaji akiwa kazini. Jibu hilo halimhusu yeye peke yake. Wako wengi wanaosoma kimya kimya na swali lao ni hilohilo.

Sasa picha, na hapa sitafanya haraka. Kofia nyeupe ni ngumu kupiga. Ukiipiga darini saa sita mchana, jua la huku linaifuta kazi yote, inatoka kama bakuli la plastiki. Kaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, asubuhi, mwanga uje kwa ubavuni. Mwanga wa ubavu hutia kivuli kidogo ndani ya kila kitundu, na kivuli hicho ndicho kinachoionyesha nakshi. Iweke juu ya mbao iliyokolea au kitambaa cha rangi moja ya giza; leso yenye maua itapigana nayo. Halafu gusa kofia kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi kitatokea kijua kidogo pembeni. Kivute chini taratibu mpaka vitundu vionekane kimoja kimoja. Simu ikiona giza kubwa nyuma hupandisha mwanga yenyewe, na weupe ukishaungua hakuna programu itakayokurudishia.

Piga kutoka juu, piga ubavu, piga futi ya kupimia ikiwa imeizunguka. Kisha igeuze ndani nje uipige hivyo hivyo. Usiiache hiyo ya ndani kwa sababu haina urembo, maana ndiyo inayouza. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ya chini sana, na kwa nje, kwenye picha, mtu asiyejua hatatofautisha. Ndani ndiko mkono unakoonekana. Video yangu iliyonipa wateja wengi kuliko zote ni fupi mno: mikono inaigeuza kofia, kidole kinapita juu ya mshono, basi. Muziki sitii. Akaunti ya biashara ya Instagram haipewi nyimbo zote ambazo akaunti ya kawaida inapewa, na isitoshe, punda na watoto wa mtaani wanatosha.

Washonaji wangu hawataki sura zao mtandaoni. Ni haki yao, na nisingewalazimisha hata kwa nyongeza ya fedha. Napiga mikono tu, tena nikishaomba idhini. Mteja akikutumia picha ya bwana harusi amevaa kofia yako, furahi, kisha muulize kabla ya kuiweka. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake binafsi hata akiwa ameipiga kwa bashasha.

Kuhusu mtandao upi: Instagram, Facebook na TikTok ni za kuonwa na watu usiowajua. Weka jina la mahali, Lamu, kwenye kila picha, na uandike maneno ambayo mtu angeyatafuta, "kofia ya mkono", "kofia ya harusi", sio mashairi. Lakini mauzo yenyewe yakamilishie WhatsApp. Kwenye wasifu wako weka kiungo kinachoanza na wa.me/254 kikifuatwa na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Mtu akikigusa anafikia kwako moja kwa moja. Tumia WhatsApp Business, ni bure. Katalogi yake inabeba picha, bei na maelezo, na unaweza kuwawekea wateja lebo. Zangu ni "anangoja", "ametoa arubuni" na "imesafiri". Ile meseji ya kujibu yenyewe ukiwa haupo ianze na salamu. Mtu amekuja na Assalam alaikum, unamjibu kwa saa za kazi?

Kuna jambo la orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list) ambalo wengi hawalijui. Inabeba watu 256, na meseji inamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana unatuma kwa watu wengi na wachache tu wanaipata. Kwa hiyo kila anayenunua namwambia: hifadhi namba hii, mzigo mpya ukitoka mtauona nyinyi kwanza. Na kweli wao huuona kwanza, kabla sijaweka Instagram. Sio hila. Kundi la WhatsApp silipendi. Mmoja akiuliza bei, mwingine anauza viazi.

Mazungumzo yenyewe yasiwe marefu. Haya ni ya kijana mmoja wa Mombasa:

"Assalam alaikum. Kofia ile ya jana iko?"
"Waalaikum salaam kaka. Ipo, 22 na 22 na nusu. Kichwa chako inchi ngapi?"
"Hata sijui."
"Chukua uzi, zungusha juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, usikaze. Kisha upime huo uzi."
"22 na robo."
"Chukua 22 na nusu, ikifuliwa hunywea kidogo. Ni Sh 6,500. Harusi lini?"
"Umejuaje ni harusi?"

Swali la "lini" ulizeni siku zote. Linakuambia kama mzigo utawahi, na linamfanya mtu aseme anachohitaji hasa. Huyo aliondoka na tatu, moja yake na mbili za wapambe.

Kalenda ya biashara hii si ya Januari na Disemba. Tunahesabu kwa mwezi: Ramadhani, Idd zote mbili, na Mfungo Sita (Rabiul Awwal) kwa ajili ya Maulidi, ambapo Lamu hujaa wageni. Kila mwaka miezi hiyo inasogea nyuma kwa siku kama 11, kwa hivyo tangazo la mwaka jana usilirudie kwa tarehe ileile. Kofia ya mkono haiharakishwi. Anayetaka ya Idd aanze kuziona Rajab, na ikifika katikati ya Shaaban naandika wazi kwamba oda za kushonewa zimefungwa, zimebaki zilizo tayari. Wenye achari na mabuibui mna nafasi zaidi, lakini msingoje kumi la mwisho la Ramadhani.

Malipo. Ya kuagiza, nusu kwanza. Ya tayari, yote kabla haijapanda boti. Tumia namba ya Till, ile ya biashara ya M-Pesa. Mteja huliona jina la biashara kabla ya kuthibitisha, naye anatulia. Mtu akikutumia picha ya meseji ya M-Pesa kwamba ameshalipa, usiitazame hiyo, tazama salio lako. Meseji za kughushi zinafanana mno na za kweli. Na namba ya tarakimu 6 inayoingia kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata akijiita ndugu yako. Hiyo ndiyo inayofungulia akaunti yako ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Washa na ile PIN ya WhatsApp ya uthibitishaji wa hatua mbili, leo.

Kutuma: kofia ikipondeka imeharibika sura, basi ijaze karatasi laini kwa ndani, itie kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kisha karatoni. Boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa. Piga picha ya risiti ya parseli mtumie mteja palepale, kabla hajauliza. Bahari ikichafuka mwambie, atakuelewa. Ukinyamaza ndipo anaanza kukuita tapeli kwenye komenti.

Matangazo ya kulipia nimeyaweka mwisho kwa kusudi. Usilipe mpaka uwe na picha ambayo bure tu imeleta watu wa kuuliza. Ilipie hiyohiyo, si mpya. Eneo chagua Mombasa na Nairobi, si Lamu, huku watu wanajua mlango wako. Lengo liwe kutuma meseji WhatsApp, si kupendwa, maana "like" haziliwi. Weka kiasi kidogo cha siku chache, hesabu walionunua kwa tangazo hilo na faida ya kofia walizochukua. Ikishindwa kulipa gharama yake, lizime, urudi dakani ukapige picha nyingine ya ndani.