Dundu Mmoja, Majina Matatu: Namna ya Kulipata Lililo Sahihi

Piga picha dundu wa maua aliyejizika kwenye maua ya mwembe, uliza jina lake la kisayansi, na utaletewa majina matatu, kila mletaji akiapa kwamba lake ndilo. Usiyapigie kura. Fuata njia hii. Ndiyo ninayoitumia kupangia masanduku ya wadudu hapa Unguja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni wa kundi hilo

Mwangalie akiruka. Madundu wengi wa maua hawafunui yale mabawa magumu ya juu. Huyaacha yamefunga, wakachomoza ya ndani kupitia kipengo cha ubavuni, nyuma ya bega. Yule mwenye pembe anayetoboa minazi hufunua yote, na si wa kundi hili. Ukikuta mwandishi mmoja kaandika Cetoniidae na mwingine Cetoniinae, usihangaike: wa kwanza anawahesabu kuwa familia, wa pili nusufamilia. Wadudu ni walewale.

Hatua ya 2: Andika jina kamili, pamoja na mwandishi (aliyemwelezea mdudu huyo kwanza) na mwaka

Mabano hayakuwekwa kwa urembo. *Pachnoda sinuata* (Fabricius, 1775) ana mabano kwa sababu Fabricius hakumweka kwenye Pachnoda; asingeweza, maana jenasi hiyo Burmeister aliianzisha 1842. *Pachnoda ephippiata* Gerstaecker, 1867 hana mabano, kwani yuko kwenye jenasi aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo ukiona mabano, jua kuna jina la zamani la kutafuta. Na mwisho wa jina huweza kugeuka kufuata jinsia ya jenasi kwa Kilatini: Linnaeus mwaka 1758 aliandika *Scarabaeus auratus*, leo ni *Cetonia aurata*. Hayo si madundu wawili.

Hatua ya 3: Rudi kwenye maelezo ya kwanza

Vitabu vingi vya zamani vimo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Tazama herufi kwa herufi. Mmoja wa madundu wakubwa kabisa wa kundi hili ni *Goliathus goliatus*: jenasi ina h, jina la pili halina, kwa kuwa Linnaeus mwaka 1771 aliandika hivyo. Wapo wanaoiongeza h kwa nia njema. Waache na nia yao, wewe fuata maandishi ya awali.

Majina mawili ya mdudu mmoja yakigongana, la zamani ndilo hushinda, na hesabu huanzia 1758. Lakini usikimbilie kufufua jina lililokufa. Kama halikutumika kuwa jina halali baada ya 1899, na lile jipya limetumika katika maandishi yasiyopungua 25 ya waandishi wasiopungua 10 ndani ya miaka 50 iliyopita, kwa kipindi kisichopungua miaka 10, kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inataka jipya libaki.

Hatua ya 4: Usiamini neno "Zanzibar" kwa haraka

Hapa ndipo sisi wa visiwani tunapotegwa, kwa sababu tunafurahi kuona kwetu kumetajwa. Gerstaecker aliwaelezea wadudu wa safari za mvumbuzi Mjerumani von der Decken chini ya jina Zanzibar, na von der Decken alifika mpaka Kilimanjaro. Kwa Wazungu wa wakati ule, jina hilo lilibeba mwambao wote na bara lake. Misafara mingi ilianzia Unguja na mizigo ikasafirishwa kutoka bandarini hapa, basi dundu wa bara akaandikiwa jina la bandari. Kabla ya kuandika kwamba spishi fulani ipo Unguja au Pemba, tafuta kielelezo (mdudu aliyehifadhiwa) chenye jina la mahali hasa: Jozani, Ngezi, Kizimbani. Kukusanya ndani ya hifadhi, omba kibali kwanza.

Hatua ya 5: Linganisha mwili, si rangi

Rangi na madoa hubadilika sana ndani ya spishi moja, na picha za mtandaoni hunakili makosa ya wenzake. Angalia umbo la ukingo wa uso, kijichomozo cha kifuani katikati ya miguu, na kwa dume, kiungo cha uzazi.

Hatua ya 6: Andika lebo

Ukiishia kwenye jenasi, andika *Pachnoda* sp. (yaani spishi haijajulikana) na uishie hapo. Lebo ya zamani usiichane hata kama imekosea. Ibakize kwenye pini, uitie yako chini yake, na jina lako na mwaka.