Namna ya Kuzisoma Ajali za Barabarani katika Shehia na Kuzipunguza

Katika shehia nyingi za Pemba ajali ya barabarani husimuliwa barazani kwa siku tatu au nne, dereva hulaumiwa na baadhi ya watu na kutetewa na wengine, kisha habari yake humalizika mpaka mtu mwengine aangushwe mahali pale pale. Nimekaa kwa miaka kadhaa katika kamati ya shehia inayopitiwa na barabara kuu, na kilichonishtua siku tulipoanza kuandika si wingi wa ajali, bali ni namna zinavyofanana. Kona moja, kituo kimoja cha daladala na saa moja ya jioni vilibeba karibu zote tulizoweza kuzikumbuka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya sheha na kamati yake, walimu wa skuli na wa madrasa, na kila mzazi ambaye mwanawe huvuka njia ya lami kwenda chuoni. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji daftari moja gumu, kamba ya kupimia, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka na subira ya kutosha.

Najua neno litakaloletwa mwanzo: ajali haina kinga. Waliotufundisha kwamba kila jambo lina kadari yake ndio hao hao waliotusomesha habari ya yule mtu aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kuandika mahali na saa ya ajali ni katika kumfunga huko ngamia.

Daftari la ajali

Kila tukio lipewe ukurasa wake, na ukurasa ujibu maswali yale yale kila mara: siku na tarehe, saa, mahali hasa, vyombo vilivyohusika, kila kimoja kilikuwa kikielekea wapi na kikifanya nini, hali ya mwanga, hali ya hewa na ya barabara, na walioumia ni wangapi na kwa kiasi gani. Swali la kila chombo kilikuwa kikifanya nini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Kuandika kwamba "bodaboda imegongana na gari" hakusaidii kitu, lakini kuandika kwamba bodaboda ilikuwa ikiipita daladala iliyosimama kushusha abiria, na gari ikatokea upande wa pili, tayari kumeanza kuonesha dawa.

Mahali pasiandikwe "karibu na msikiti", kwa sababu karibu ya mtu mmoja ni hatua kumi na ya mwengine ni mita mia mbili. Chagueni alama isiyohama, kisha hesabuni nguzo za umeme kutoka hapo, ili mweze kuandika "nguzo ya 7 kutoka msikitini kuelekea Chake Chake". Saa nayo ina mtego wake, kwa kuwa saa 1 ya usiku kwetu ni 19:00 kwenye simu, na wapo wanaoandika kwa hesabu hii na wapo wa hesabu ile. Sisi tulizihesabu ajali mbili kuwa za asubuhi, tukaanza kuwahoji wazazi kuhusu watoto wanaochelewa skuli, kumbe mwandishi wetu aliandika "saa 1" tu, na zote mbili zilitokea baada ya magharibi. Tangu hapo neno asubuhi, mchana, jioni au usiku ni lazima katika kila ukurasa.

Majina ya watu na nambari za magari zisiandikwe kabisa. Kesi ni kazi ya polisi, na katika shehia ambayo kila mtu ni jamaa wa mwenzake, daftari linalotaja majina hugeuka daftari la ugomvi, na watu huacha kuleta habari. Lisemwe hilo wazi mskitini na skuli tangu siku ya kwanza.

Kukoswakoswa nako ni habari

Ugumu mkubwa wa jamii ndogo ni kwamba ajali zake, alhamdulillahi, ni chache. Katika mwaka mzima shehia inaweza kuwa na ajali nne au tano za kuumiza, na idadi hiyo haitoshi kuonesha umbo la tatizo. Kusubiri zifike ishirini ndipo tuanze kufikiri ni kusubiri maiti. Kwa hiyo andikeni pia kukoswakoswa: mtoto aliyerudishwa nyuma kwa kuvutwa kanzu, bodaboda iliyoingia mtaroni ili isimgonge mzee, gari mbili zilizopishana kwa upana wa kiganja. Hizo hutokea mara nyingi zaidi, na kwa kawaida hutokea mahali pale pale ambapo siku moja damu itamwagika.

Habari hizi hamtazipata katika kikao cha wanaume watu wazima pekee. Waulizeni makonda, vijana wa bodaboda, akina mama wanaouza maandazi karibu na kituo, na zaidi ya wote waulizeni watoto. Mwalimu wa madrasa anaweza kuwaomba wanafunzi waoneshe kwa kidole mahali wanapoogopa kuvuka, na majibu yao yatakubaliana kuliko ya wazee. Mwulizeni pia mhudumu wa kituo cha afya na mzee anayeunga mifupa, si kwa kutaja wagonjwa, bali kwa idadi tu, kwa sababu wengi wanaoanguka na pikipiki hawafiki polisi wala hospitali. Barabara yenyewe nayo huzungumza: vipande vya vioo, alama nyeusi za breki, gome la muembe lililochubuka kimo cha bampa.

Kuchora na kutazama

Baada ya miezi mitatu, chukueni karatasi kubwa, chora barabara yote ya shehia pamoja na nguzo, vituo, skuli, misikiti, maduka na njia za miguu zinazoingia. Kila tukio litiwe kwa mishale inayoonesha vyombo vilitoka wapi kwenda wapi, rangi moja kwa mchana na nyengine kwa usiku. Kisha kaeni mtazame kimya kabla ya mtu yeyote kutoa sababu. Nasisitiza hili kwa kuwa mara tu mtu akisema "mwendo kasi" au "vijana wa siku hizi", mazungumzo hufungwa. Mwendo kasi upo barabara nzima. Swali ni kwa nini unaumiza watu katika nguzo ya 7 na si ya 15.

Katika vijiji vyetu kuna maumbo yanayorudi. La kwanza ni abiria anayeshuka. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, daladala husimama kushoto, na anayevuka nyuma yake haonekani na gari inayotoka mbele, wala yeye haioni. Akivuka mbele yake, haonekani na anayeipita daladala. Mtoto mfupi hufichika kabisa pande zote mbili. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: konda amwambie mtoto asubiri kando mpaka daladala iondoke, na vituo vya pande mbili visielekeane, bali kila kimoja kiwe mbele kidogo ya njia ya kuvukia, ili gari ikisimama watu wavuke nyuma yake na magari mawili yaliyosimama yasikizibe kivuko.

La pili ni la msimu wa karafuu, na wasio wa Pemba hawalijui. Mikeka hutandazwa ukingoni mwa lami kwa sababu hapo ndipo penye jua na ukavu, watu huinama kugeuza karafuu, na wapitao kwa miguu husukumwa ndani ya barabara. Jioni wachumaji hurudi kwa makundi, wengine juu ya mizigo katika gari za wazi. Kumfukuza mwenye mkeka bila kumpa mahali pengine ni dhulma na hakudumu, kwa hiyo kamati itafute uwanja wa skuli, sakafu ya mtu au kiwanja cha mpira kabla ya msimu, wala isingoje mpaka mikeka imeshatandikwa.

La tatu ni giza la magharibi. Watu huenda msikitini, wengine hurudi shamba, baiskeli hazina taa, gari za ng'ombe hazina hata kipande cha kung'aa, na nguo nyingi ni za rangi nyeusi. Katika Ramadhani saa hii huongezewa haraka ya futari, na baadaye msafara wa tarawehe. Mwenye kutembea atembee upande wa kulia ili aione gari inayomkabili, na utepe wa kung'aa ubandikwe kwenye mkoba wa mtoto, madigadi ya baiskeli na ubavu wa gari la ng'ombe. Mbuzi na ng'ombe nao wafungwe kwa kamba isiyofika lami. Kamba hupimwa mchana, si baada ya pikipiki kuanguka.

Miteremko ya Pemba wakati wa masika ni jambo la mtaro. Mtaro ukiziba, maji hubeba udongo mwekundu mpaka kwenye kona, na tairi hazishiki. Kusafisha mtaro kabla ya mwezi Machi ni kazi ya asubuhi moja ya watu kumi.

Kupima mwendo

Msiseme gari "zinakimbia", pimeni. Pigeni kamba mita 100 kwenye sehemu iliyonyooka, wekeni alama mbili za chaki, na mtu mmoja akae mahali asipoonekana na madereva, kwa kuwa dereva akiona watu wenye daftari hupunguza. Hesabuni sekunde kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, kisha gawanyeni 360 kwa sekunde hizo. Sekunde 6 ni kilomita 60 kwa saa, sekunde 4.5 ni kilomita 80. Vyombo 50 katika saa tofauti vinatosha kuanza.

Hesabu hii iwafikie madereva kwa lugha ya mita. Katika lami kavu na breki nzima, gari yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambayo dereva wake amechukua sekunde moja kushtuka, husimama baada ya takriban mita 28. Ile ya kilomita 80 huhitaji takriban mita 58, na pale ambapo ya kwanza imeshasimama, ya pili bado ina mwendo wa zaidi ya kilomita 70. Huyo ni mtoto yule yule, nguzo ile ile. Lami ikiwa na maji, umbali huongezeka tena.

Kutengeneza

Anzeni na mahali, kisha chombo, kisha mtu. Mawaidha ni mazuri, lakini kichaka kilichokatwa kwenye kona hufanya kazi usiku na mchana bila kuchoka. Daktari Mmarekani William Haddon alionesha, zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwamba kila ajali itazamwe kabla yake, wakati wake na baada yake, na katika kila hatua waangaliwe mtu, chombo na mazingira. Kamati inayojiuliza hivyo haitosheki na jibu moja.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu ni kukata vichaka, kusafisha mitaro, kusogeza mabanda, kukubaliana na madereva mahali pa kusimama. Matuta si katika hayo. Tuta lililojengwa na wanakijiji kwa udongo na mawe, bila rangi wala kibao, humwangusha mwenye pikipiki usiku, na nimeona hivyo kwa macho yangu. Maombi ya matuta, vivuko na alama yaandikwe rasmi kupitia kwa sheha kwenda kwa Wakala wa Barabara, nakala kwa wilaya na polisi wa usalama barabarani, yakiambatanishwa na ramani na vipimo vya mwendo. Barua inayosema "ajali zimezidi" hungoja. Barua yenye nguzo ya 7, kukoswakoswa 19 na mwendo uliopimwa ni vigumu kuijibu kwa maneno matupu.

Kofia ngumu niliiweka mwisho, lakini isidharauliwe. Ikivaliwa sawasawa na kufungwa mkanda, hupunguza uwezekano wa mwenye pikipiki kufa kwa takriban asilimia 40. Ya pili ya abiria ni wajibu kama ya dereva.

Ajali ikishatokea

Zuieni kwanza gari nyengine kwa kumsimamisha mtu kila upande. Damu inayotoka sana ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachiliwa. Mtu aliyeumia shingo au mgongo asikunjwe ndani ya gari dogo wala kukalishwa juu ya pikipiki. Abebwe amenyooka juu ya ubao au mlango, na watu wanne wanyanyue kwa pamoja. Kofia ngumu isivuliwe kwa kuvutwa. Nambari ya dharura ni 112. Suala la PF3, yaani fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, lisicheleweshe matibabu: mtu mmoja aende polisi, wengine wampeleke majeruhi.

Kujua kama mmefanikiwa

Hapa ndipo kamati nyingi hujidanganya. Shehia ikianza kazi baada ya mwaka mbaya sana, mwaka unaofuata huwa na ajali chache hata kama hakuna kilichofanywa, kwa sababu mwaka mbaya kwa kawaida haurudii mfululizo. Kwa hiyo msilinganishe mwezi na mwezi. Linganisheni msimu wa karafuu na msimu wa karafuu, Ramadhani na Ramadhani, na pimeni tena mwendo mahali pale pale kwa saa zile zile. Mwendo ukishuka na kukoswakoswa kukapungua kwenye nguzo iliyotengenezwa huku kwengine kukibaki vile vile, basi mna haki ya kuamini kwamba ni kazi yenu.

Daftari lipigwe picha kila mwisho wa mwezi na picha zikae kwa watu wawili. La kwetu lilinyeshewa na mvua katika mwaka wa pili, na kurasa za Aprili hadi Juni hazisomeki mpaka leo.