Msaidizi mmoja hatoshi

Walimu wenzangu mnaoanzisha kikundi cha wanafunzi kusaidiana na wenzao wenye ulemavu, msimpangie mtoto rafiki mmoja tu. Nilifanya hivyo hapa Tanga, msaidizi akaugua malaria, na wiki nzima mwenzake asiyeona akawa anashinda darasani hata wakati wa mapumziko. Hakuna mwingine aliyejua kumwongoza. Siku hizi nawapanga watatu, wanapokezana kwa wiki, na mwenye ulemavu ndiye anayewachagua. Akimkataa mtu, simuulizi sababu.

Kabla ya zamu kuanza tunafanya mazoezi uwanjani. Asiyeona havutwi mkono: yeye ndiye anayeshika kiwiko chako, nawe unatangulia nusu hatua ukimwambia, "Ngazi hapa, tunapanda." Nawafunga vitambaa machoni mmoja mmoja (kelele zake usiombe), ndipo wanaelewa. Kwa kiziwi, simama anapoona uso na mikono yako, usiongee huku umegeukia ubao. Hilo na sisi walimu linatuhusu. Kitimwendo hakisukumwi kabla mwenyewe hajaambiwa. Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua, na paredi asimame kivulini. Jua la Tanga mnalijua.

Ninachokataza kabisa ni kumfanyia mwenzako kazi ya daftari. Kumsomea swali sawa, kumjibia hapana.

Kila Ijumaa nakaa na wenye ulemavu dakika 10 bila wasaidizi, nisikie nani anawasimanga.