Vifaa vya kidau: palipofaa kamba, usitie chuma

Mimi ni seremala wa milango hapa Kigombe, njia ya Tanga kwenda Pangani, na vidau, vyombo vidogo vya tanga, huviunda uani kwangu milango inapokosa wateja. Wengi wanaokuja kuniuliza wameshapata mwili wa chombo: mkuku, mti mkuu wa chini, umelala, mataruma, yaani mbavu zake, yamekaa, mbao zimepigwa hadi juu. Wanapokwama ni kwenye vifaa. Wanakwenda dukani Tanga mjini, wanarudi na mfuko wa vyuma vinavyong'aa, na nusu yake nawaambia wakarudishe. Kamba ikikatika baharini unaiunga ukaendelea na safari. Chuma kikikatika unarudi nyumbani ukipiga kafi.

Nachukulia chombo cha futi 13 hivi, cha tanga moja, watu wawili au watatu.

Kabla ya kifaa chochote, inama uangalie ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Kila taruma liwe na kitundu chini, kando ya mkuku, kipana cha kupitisha kidole, ili maji yote yakusanyike pale utakapokaa na upo wako wa kutekea maji. Maji yakisimama baina ya mataruma, mbao huoza kutoka ndani na hutajua hadi siku mguu utakapozama. Kalafati nayo, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, iishe sasa. Pamba isokotwe, ichovywe kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, au mafuta ya nazi, ipigwe kwa patasi butu. Usiikandamize kwa hasira: mbao zikinywa maji zitavimba, na pamba iliyojaa kupita kiasi itasukuma misumari. Na kila msumari utakaopiga kuanzia hapa uuzungushie kiuzi cha pamba yenye mafuta chini ya kichwa. Kazi ndogo, lakini matone mengi yanayolaumiwa kwenye maungio hutoka kwenye misumari.

Sasa usukani. Hapa peke yake ndipo nakubali utumie pesa kwenye chuma.

Ubao wake nautaka wa msaji, unene wa inchi moja na nusu. Sisi wa Tanga tuna bahati, msaji wa Longuza kule Muheza hauko mbali, na vipande vilivyobaki kwa maseremala wa samani vinatosha. Usichore usukani kwenye karatasi. Chukua boksi gumu, lishikilie nyuma ya fashini, mti uliosimama nyuma ya chombo, ufuatishe mstari wake kwa penseli kutoka juu hadi chini. Sikweya iache ndani. Kwenye milango ndiyo mfalme, kwenye chombo haina kazi, maana hakuna pembe mraba hata moja. Upana wa ubao chini ya maji, futi moja na kitu inatosha. Ncha ya chini iishie vidole viwili juu ya usawa wa chini wa mkuku. Ufukwe wetu maji yakitoka hutoka mbali, na usukani uliozidi mkuku ndio utakaogusa mchanga kwanza, ukang'oka na kipande cha fashini.

Ukingo wa mbele, ule unaotazama fashini, uuviringishe kwa randa ili uzunguke bila kusugua. Wa nyuma uuchonge uwe mwembamba, maji yatoke kwa utulivu. Usukani wenye ukingo mnene nyuma hutetemeka chombo kikishika mwendo, na mkono wako utausikia mchana kutwa.

Bawaba mbili: pete mbili kwenye fashini, pini mbili kwenye usukani. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea, ila mwambie mambo mawili. Pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu, izidi kama inchi moja. Hapo unaingiza ya chini kwanza, ikishashika ndipo unaitafutia ya juu pete yake. Pini zikilingana utahangaika na mawimbi, unalenga matundu mawili kwa pamoja huku usukani unakuponyoka. La pili, pete zikae kwenye mstari mmoja. Kabla hujafunga bolti, pitisha nondo iliyonyooka kwenye pete zote mbili. Ikisita hata kidogo, sogeza pete. Usiipige nyundo ikubali. Bolti zipite hadi upande wa pili na nati zikae juu ya washa pana. Na usichanganye stenlesi na chuma cha zinki sehemu moja. Kwenye maji ya chumvi zinki huliwa kwanza, kisha chuma kinafuata.

Mbao huelea, jambo ambalo watu husahau. Mawimbi yakija kutoka nyuma, usukani utapanda na kuchomoka wenyewe. Toboa tundu karibu na kichwa chake, pitisha kamba nyembamba, funga kwenye chombo kwa fundo la kufunguka kwa mkono mmoja. Bado utaweza kuunyanyua ukikaribia pwani, lakini hautakuaga katikati ya bahari.

Kana, mpini wa kugeuzia usukani, naifanya ya mpera. Mti wake mgumu na una mnyumbuko. Urefu wake kaa mahali pako ndani ya chombo, nyoosha mkono bila kujivuta, kata hapo. Iingie kwenye kichwa cha usukani kwa kabari ya mti, bila skrubu.

Mlingoti ni mvinje uliokaushwa kivulini, futi 12, umemenywa gamba na kupakwa mafuta. Mikoko pia ni mizuri, lakini kukata bila kibali ni kosa, na hakuna haja ya kukimbizana na watu wa misitu kwa ajili ya nguzo. Kikao chake juu ya mkuku ukichonge na kifereji upande mmoja, maji yasituame chini ya mguu wa mlingoti. Juu, badala ya kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, natoboa tundu, nalainisha kingo zake kwa tupa hadi kidole kisikwaruzike, kisha nalipaka shahamu. Henza, kamba ya kupandishia tanga, inapita humo vizuri. Tanga la kidau si zito kiasi cha kudai kapi.

Foromali, mti unaobeba tanga, iwe ndefu kuliko mlingoti, kama urefu wa chombo chenyewe. Ukikosa mti mmoja, unganisha miwili kwa kamba, mnene mbele na mwembamba juu nyuma, ipishane futi tatu angalau. Tanga lifungwe kwenye foromali kwa vikamba vingi mbalimbali. Kamba moja ndefu ya kuzungusha ni haraka, lakini ikikatika mahali pamoja tanga lote linaning'inia. Joshi, kamba ya pembe ya mbele ya tanga, ifunge mbele kwenye omo. Demani, kamba ya pembe ya nyuma, ishike mkononi, au izungushe mara moja tu kwenye kijiti. Usiipige fundo kamwe. Upepo mkali ukikupiga ghafla unaiachia, tanga linapepea, chombo kinasimama wima. Vidau vingi vilivyopinduka vilikuwa na demani iliyofungwa.

Kwa makasia, weka vishwara: kitanzi cha kamba kwenye kijiti cha mti mgumu kilichosimama ukingoni. Kamba iwe ya makumbi. Najua Tanga ni nyumba ya mkonge na majirani watanicheka, lakini katani ikilowa na kukauka kila siku huoza mapema. Ya plastiki ni rahisi, ila jua huila, na utaona inatoa vumbi mikononi. Upo ukate kwenye dumu la lita 5, uufunge kwa kamba. Upo usiofungwa ndio wa kwanza kuondoka chombo kikipinduka.

Deheni ije mwisho, chokaa na shahamu ya ng'ombe iliyopashwa moto, ipakwe kwa mkono chini ya usawa wa maji. Kisha subiri bamvua, maji makubwa ya mwezi, ukiegeshe kidau mahali maji yatakapokifuata yenyewe, na ukiache kinywe maji bila mtu ndani. Siku ya kwanza kitavuja, usishike patasi. Kikiendelea kuvuja baada ya mbao kuvimba, hapo tafuta msumari.

Safari ya kwanza iwe fupi, asubuhi, kabla upepo haujakaza. Kamba mpya hutanuka. Ukirudi, kaza upya mafungo ya foromali na kabari za mlingoti kabla hujala.