Pima milango kabla ya kupiga jeki

Gari la zamani la wazi kama MGB halina chesi ya kujitegemea. Linabebwa na boksi za bati zilizo chini ya milango, na kwa chumvi ya bahari ya Mtwara na Lindi boksi hizo huliwa kwa ndani huku rangi ikiwa bado inang'aa.

Gari likiwa juu ya matairi yake, milango imefungwa, pima upenyo kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi, juu na chini, kwa kuingiza shina la keekee (chuma cha kutobolea) ya milimita 4. Inua, upime tena. Jeki ikikaa katikati, pua na mkia hulegea na upenyo wa juu hupanuka. Stendi zikiwa mbele kabisa na nyuma kabisa, tumbo hushuka, upenyo wa juu hubana. Ukifungua mlango hapo huenda usirudi, au urudi ukibandua rangi.

Badiliko likionekana kwa macho, bati limeoza. Usiguse bawaba ili kuurekebisha mlango! Stendi ya nyuma ikae chini ya ekseli, karibu na springi. Kwenye mchanga, tandika kwanza ubao mgumu wa inchi 2.